Dawa ya pua haigombani na dawa ya mafuta, ila soma jina kwenye chupa

BARUA

Dada Mfamasia, mwangaluka.

Mimi ni fundi seremala, nina karakana yangu hapa Ng'ambo, Tabora Mjini. Umri wangu ni miaka 56. Kazi yangu kubwa ni vitanda, makabati na milango ya mninga. Vumbi la mninga nimelivuta tangu ujana wangu bila shida, lakini miaka ya karibuni pua imekataa kabisa. Nikianza kuranda tu napiga chafya mfululizo, kamasi jepesi linatiririka, macho yanawasha, na usiku pua inaziba nalala mdomo wazi. Kiangazi ndiyo balaa zaidi, miembe ikitoa maua na vumbi la barabarani nalo likipanda.

Mwaka juzi nilipimwa nikaambiwa nina presha na mafuta mengi kwenye damu. Natumia amlodipini ya miligramu 10 kwa presha na atorvastatini ya miligramu 40 kwa mafuta, na presha ilikuwa imetulia vizuri.

Kiangazi hiki kilipoanza, kijana mmoja wa duka la dawa aliniuzia kichupa cha kupulizia puani. Dada, ile dawa ilinishangaza. Unapuliza, dakika chache tu pua imefunguka. Lakini siku hizi inafunguka kwa saa chache halafu inaziba kuliko mwanzo, kwa hiyo kichupa hakitoki mfukoni, napuliza mara nne hadi tano kwa siku. Nilipokwenda kliniki ya presha mwezi uliopita nikakutwa na 158 kwa 96. Daktari alishangaa. Kwa ajili ya mafua haya akaniandikia sprei nyingine inaitwa flutikasoni. Kile kichupa cha kwanza sikumtajia, sikudhani kama dawa ya pua nayo inahesabika.

Flutikasoni niliipuliza siku chache sikuona kitu, nikairudia ya zamani. Tena wiki hiyo hiyo nilikuwa na jipu kwenye jino, nikapewa antibayotiki, erithromaisini. Siku si nyingi mapaja yakaanza kuniuma vibaya, kuinuka kwenye kiti mpaka nijishike. Jirani yangu ana binti anayesomea uuguzi. Akaniambia kwamba flutikasoni ni steroidi, na steroidi ikikutana na dawa ya mafuta inaharibu ini na kula misuli. Niliogopa, nikaacha flutikasoni na atorvastatini zote mbili. Sasa ni wiki kadhaa. Maumivu yameisha, kwa hiyo naona jirani alisema kweli.

Upande mwingine nina rafiki yangu mkulima wa tumbaku kule Urambo. Yeye ananiambia niachane na madawa ya dukani nivute ugoro, eti wazee wetu walifungua pua kwa ugoro na hawakuwa na presha. Mke wangu hataki kusikia habari za ugoro, ndiye aliyenisukuma nikuandikie.

Naomba kujua: dawa ya pua na dawa ya mafuta zinapatana au hazipatani? Kama hazipatani, niache ipi? Na Ramadhani ikifika nitazitumiaje?

Ni mimi, Fundi wa Ng'ambo

JIBU

Mwangaluka, kaka yangu. Pole kwa pua, pole na kwa hofu uliyoishi nayo wiki zote hizi. Mfikishie wifi salamu na shukrani zangu, amekusukuma kwenye njia sahihi.

Nianze na swali lililokufanya uache dawa. Flutikasoni ya kupuliza puani na atorvastatini zinapatana. Watu wengi duniani wanatumia zote mbili kwa wakati mmoja, na hakuna haja ya kuacha moja ili utumie nyingine. Hukutakiwa kuacha atorvastatini kwa sababu ya sprei ile.

Lakini jirani yako hakubuni tu. Kuna jambo la kweli ndani ya maneno yake, ila limebebeshwa dawa isiyo na kosa. Flutikasoni na atorvastatini zote huvunjwavunjwa na kimeng'enya kimoja cha ini, yaani protini inayovunja dawa mwilini, ambacho wataalamu wanakiita CYP3A4. Fikiria mlango wa behewa pale stesheni ya Tabora, treni ya Kigoma imeingia. Abiria wawili wanaopita mlango mmoja hawadhuriani, kila mmoja anapita kwa zamu yake. Shida inaanza pale mtu wa tatu anaposimama katikati ya mlango na mizigo yake. Flutikasoni na atorvastatini ni abiria tu, zinapita. Katika barua yako aliyesimama mlangoni ni erithromaisini.

Erithromaisini hukizuia kile kimeng'enya. Kikizuiwa, atorvastatini haivunjwi kwa kasi yake ya kawaida, inarundikana kwenye damu, na madhara yake yanapanda, la kwanza likiwa maumivu na udhaifu wa misuli. Mara chache sana misuli huvunjika kweli, taka zake zikaingia kwenye figo na kuziumiza. Dalili ya hatari ni mkojo wa rangi ya kola au chai ya rangi pamoja na misuli kuuma au kuishiwa nguvu. Yeyote anayeona hivyo aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

Sasa angalia jinsi mambo yalivyofuatana. Mapaja yalianza kuuma ukiwa kwenye erithromaisini na atorvastatini ya miligramu 40. Kisha vitu vitatu viliondoka karibu kwa pamoja: erithromaisini iliisha dozi yake, flutikasoni ukaiacha, atorvastatini ukaiacha. Maumivu yakaisha. Kwa kuwa sprei ndiyo iliyokuwa ngeni na ndiyo yenye jina la kutisha, ikapewa kesi. Mimi katika hizo tatu, sprei ndiyo ningeishuku mwisho kabisa.

Sababu yangu ni hesabu. Flutikasoni ya kawaida hutoa mikrogramu 50 kwa kila mpulizo. Mtu mzima akipuliza mara mbili kila tundu, jumla ni mikrogramu 200 kwa siku, na kinachofika kwenye damu ni chini ya asilimia 2 ya hiyo. Hiyo ni chini ya mikrogramu 4. Tembe moja ya prednisoloni ya miligramu 5, ambayo nayo ni steroidi, yaani dawa ya kuzima uvimbe, ina mikrogramu 5,000, na karibu yote huingia mwilini. Ni kweli kwamba mikrogramu moja ya flutikasoni ina nguvu kuliko mikrogramu moja ya prednisoloni, lakini hata ukiliweka hilo kwenye hesabu pengo linabaki kubwa mno. Watu wakisikia steroidi wanawaza uso kuvimba, sukari kupanda na mifupa kulegea. Madhara hayo yapo kwa wanaomeza vidonge au kuchomwa sindano za steroidi kwa muda mrefu. Sprei ya pua ilitengenezwa makusudi ibaki puani.

Na hapa niseme na wasomaji wengine pia, kwa sababu nayaona haya mara kwa mara dirishani. Kuna watu wakizidiwa na aleji wanaomba "ile sindano ya aleji", au wananunua prednisoloni na deksamethasoni za vidonge kiholela, wakiona sprei ni jambo la kutisha. Wamegeuza mambo juu chini. Vidonge hivyo vikitumiwa hovyo vinapandisha presha na sukari, tena kwa watu ambao tayari wana presha na mafuta mengi. Sprei ndiyo njia ya upole.

Kuhusu atorvastatini, kaka, nenda kliniki wiki hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Ukifika mweleze daktari kwamba misuli iliuma ukiwa kwenye erithromaisini na kwamba uliacha dawa ya mafuta. Anaweza kuagiza kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli, na cha ini pia, kisha akurudishe kwenye dozi ile ile, au aipunguze, au akupe rosuvastatini, ambayo haitegemei sana ule mlango wa CYP3A4. Uamuzi huo ni wake baada ya kukupima. Ninachokuomba mimi ni usikae hivi hivi bila dawa. Kolesteroli haikai chini kwa kumbukumbu ya dawa uliyowahi kunywa. Ndani ya wiki chache tangu kuacha inarudi ilikokuwa, na wewe una presha juu yake. Mafuta na presha vikikaa pamoja ndipo kiharusi na mshtuko wa moyo vinapopata nafasi, tena mtu hahisi chochote mpaka siku yenyewe.

Siku nyingine ukienda kung'oa jino, kutibiwa kifua au fangasi, neno la kwanza kwa daktari au muuzaji liwe hili: "Natumia dawa ya mafuta." Erithromaisini na klarithromaisini ni antibayotiki zinazozuia mlango huo. Ketokonazoli na itrakonazoli za kumeza, dawa za fangasi, nazo zinauzuia. Kwa anayetumia simvastatini onyo ni kali zaidi, dawa hizo hazitakiwi kabisa kuchanganywa nayo. Daktari akijua, mara nyingi anachagua antibayotiki nyingine, au anakusimamishia dawa ya mafuta kwa siku za dozi tu na kukwambia siku ya kuirudia. Juisi ya balungi nayo, hasa ikinywewa kwa wingi, inapandisha simvastatini na atorvastatini. Chungwa la kawaida halina neno, kula.

Kwa kuwa unatumia amlodipini, kuna jambo la kuliangalia dukani. Atorvastatini ikiadimika, usikubali kubadilishiwa na simvastatini juu juu eti "ni zile zile". Kwa mtu aliye kwenye amlodipini, simvastatini haitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa siku. Mwambie muuzaji ampigie daktari wako kwanza, au nenda famasi yenye mfamasia.

Hadi hapa nimezungumzia dawa uliyoiogopa. Iliyonitia wasiwasi mimi ni ile uliyoipenda.

Kile kichupa cha kwanza hukunitajia jina lake, lakini kwa ulivyokieleza, pua kufunguka kwa dakika chache halafu kuziba zaidi, naamini ni oksimetazolini au ksilometazolini. Kitoe mfukoni sasa hivi usome maandishi madogo. Jina likiishia na "zoline", ndiyo hiyo. Matone ya efedrini nayo yamo kwenye kundi hili. Hizi hazitibu aleji hata kidogo. Kazi yake ni kubana mishipa ya damu ndani ya pua, uvimbe ukashuka, hewa ikapita. Zinafaa kwa siku tatu, zikizidi sana tano, kwa mfano mafua makali yanapokunyima usingizi. Ukivuka hapo pua inazoea. Dawa ikiisha nguvu mishipa inavimba kuliko mwanzo, unapuliza tena, inavimba tena, mpaka dawa yenyewe ndiyo inayoziba pua. Huko ndiko uliko, kaka. Sehemu ya mafua unayoyalalamikia leo haitoki kwenye mninga wala kwenye maua ya miembe, inatoka kwenye kichupa.

Zaidi ya hapo, dawa inayobana mishipa haibaki yote puani. Nyingine inamezwa na kuingia kwenye damu, na kwa mtu mwenye presha anayepuliza mara tano kwa siku kwa miezi, inaweza kuipandisha. Kwenye kasha lake kwa kawaida kuna onyo kwa wenye presha na ugonjwa wa moyo, lakini nani alikusomea? Ile 158 kwa 96 iliyomshangaza daktari ina mtuhumiwa ambaye hakutajiwa. Angeweza kukuongezea dawa nyingine ya presha kwa ajili ya tatizo linalokaa mfukoni mwako. Vidonge vya mafua vya mchanganyiko vyenye sudoefedrini au fenilefrini vinafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, navyo vipite mbali na wewe. Ukihitaji kidonge cha aleji siku mbaya, setirizini au loratadini haipandishi presha na haigombani na atorvastatini. Setirizini inaweza kuleta usingizi, kwa hiyo siku ya kwanza usiinywe asubuhi ukaenda kushika msumeno wa umeme.

Kwa hiyo ukifika dukani, tazama mwisho wa jina. Sprei za steroidi mara nyingi huishia na "sone" au "nide": flutikasoni, mometasoni, beklometasoni, budesonidi. Hizo ndizo za kukaa nazo muda mrefu kwa ushauri wa daktari. Zenye "zoline" ni za siku chache, na kwa mwenye presha ni bora asizianze kabisa. Chupa zinafanana, zote ni ndogo na zote zina mdomo mwembamba, wala usiamini rangi ya kasha.

Namna ya kuachana na hiyo ya zamani: anza flutikasoni tena leo, tundu zote mbili, kila siku bila kuruka. Kwa ajili ya presha yako ningependa uiache ile "zoline" pande zote kwa mara moja. Siku za mwanzo zitakuwa ngumu, usiku hasa, lakini zinapita. Ukishindwa kabisa kulala, iache kwanza upande mmoja, tuseme wa kulia, na wa kushoto upulize usiku peke yake. Upande wa kulia ukishapumua wenyewe, na hiyo kwa kawaida huchukua kama wiki moja au zaidi kidogo, uache na wa kushoto. Angalau upande mmoja utakuwa wazi wakati wote. Daktari umweleze unachokifanya, na presha ipimwe tena wiki mbili tatu baadaye kabla mtu hajakuongezea kidonge.

Ulisema flutikasoni uliipuliza siku chache hukuona kitu. Hakuna ulichokosea hapo ila uvumilivu. Steroidi ya pua haifungui kwa dakika, inazima uvimbe taratibu. Wengine huanza kupata nafuu baada ya siku moja mbili, lakini nguvu yake kamili inaweza kuchukua hadi wiki mbili, tena kwa anayepuliza kila siku. Kuipuliza siku pua imeziba tu ni kupoteza hela.

Upulizaji wenyewe una namna yake, na wengi tunaukosea kwa sababu hakuna anayetuonyesha. Kwanza penga kamasi. Tikisa chupa. Ikiwa mpya au imekaa siku nyingi, pulizia hewani mpaka utoke ukungu laini. Inamisha kichwa mbele kidogo, usikitupe nyuma, maana ukikitupa nyuma dawa inateremka kooni na unaimeza. Sasa tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia. Hilo linaufanya mdomo wa chupa uelekee nje, upande wa sikio, mbali na ule ukuta wa katikati ya pua. Ukuta huo ukipigwa na dawa kila siku unakauka, unachubuka, damu inatoka. Puliza huku ukivuta hewa polepole kama unanusa, si kwa nguvu, kisha toa hewa kwa mdomo. Ukihisi ladha ya dawa kooni ujue umevuta kwa nguvu mno. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, funika, na usimwazime mtu hata akiwa mwanao. Hali ikitulia, daktari anaweza kukushusha hadi mpulizo mmoja kila tundu. Kwa atakayetumia miezi mingi, apimwe macho mara moja moja, hasa kama ana presha ya macho au mtoto wa jicho.

Kabla ya kupuliza, jioni ukitoka karakana, osha pua kwa maji ya chumvi: glasi moja ya maji yaliyochemka yakapoa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maji yawe yamechemshwa kweli, ya bomba au kisima moja kwa moja usiyapeleke puani. Vuta kidogo kidogo kutoka kwenye kiganja au tumia bomba la sindano lisilo na sindano, kisha penga. Unaondoa vumbi la kutwa nzima, na dawa inakuta ukuta safi. Subiri dakika kumi hivi ndipo upulize.

Nikae kidogo kwenye vumbi lenyewe, maana dawa zote hizi zinapigana na kitu unachokivuta kila siku. Vumbi la mninga linajulikana kuamsha mafua ya aleji, na hata pumu, kwa mafundi. Kitambaa ulichojifunga usoni hakizuii unga laini unaotoka kwenye msasa, na huo ndio unaofika mbali. Tafuta barakoa ya vumbi ile ngumu inayobana pua na mashavu, ya daraja la N95, na uibadilishe inapochafuka. Msasa piga nje, upepo ukiwa mgongoni. Sakafu inyunyizie maji kabla ya kufagia, na usipulize maranda kwa mashine ya upepo. Nguo za kazi zisiingie chumba cha kulala. Vijana unaowafundisha nao wape barakoa, pua zao bado zinaokoleka.

Kuna jambo zito zaidi, nalisema bila kukutisha. Tangu mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeliorodhesha vumbi la mbao kuwa miongoni mwa visababishi vya saratani ya pua na matundu yanayoizunguka. Ni ugonjwa wa nadra hata kwa maseremala. Barua yako inaeleza pua inayoziba pande zote, chafya na macho kuwasha, na hiyo ni sura ya aleji. Lakini fundi yeyote ambaye pua yake inaziba upande mmoja tu kwa wiki nyingi, au inatoa kamasi lenye damu upande huo huo, au uso unauma na kufa ganzi upande mmoja, aache kununua sprei. Aende hospitali, hapo kwenu Kitete ikibidi, aombe kuonwa na daktari wa pua, masikio na koo.

Ugoro. Namheshimu rafiki yako na jasho la wakulima wa Urambo, lakini hapa namuunga mkono wifi. Ugoro ni tumbaku, na ndani yake kuna nikotini ambayo inabana mishipa na kupandisha presha na mapigo ya moyo. Pua inafunguka kidogo kwa mwasho na chafya, kisha ukuta wa ndani unaumia zaidi, na ukishazoea hutaacha kirahisi. Kuhusu wazee kutokuwa na presha, wengi wao hawakuwahi kupimwa. Mtu alianguka shambani ikasemwa amerogwa au ni siku yake imefika.

Neno kwa wasomaji wengine wa safu hii. Kama unatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri, au kobisistati, hapo maonyo yote niliyoyaondoa kwa Fundi yanarudi. Ritonaviri ni mzuiaji mkubwa wa mlango ule. Ikikutana na flutikasoni, hata ya puani, steroidi inaweza kurundikana mwilini mpaka uso ukavimba na sukari ikapanda, na ikikutana na simvastatini ni hatari kwa misuli. Usinunue sprei yoyote ya steroidi bila kuwaeleza kliniki yako. Wapo watakaokubadilishia ukapewa beklometasoni, ambayo ni salama zaidi katika hali hiyo. Dolutegraviri, ambayo wengi wenu mko nayo siku hizi, haina tabia hiyo. Najua si rahisi kutaja dawa hizo mbele ya foleni dukani. Omba kuzungumza pembeni, ni haki yako, na mfamasia anayejua kazi yake atakusogeza pembeni bila kukuuliza kwa nini.

Kaka, siku ya kwenda kliniki weka kwenye mfuko mmoja kila kitu unachotumia: vidonge, vichupa vyote viwili, kasha la ile erithromaisini kama bado lipo, hata dawa za miti shamba. Mwage mezani kwa daktari. Kila kinachoingia mwilini kinahesabika, kiwe cha mdomoni, cha puani au cha kupaka.

Na Ramadhani: flutikasoni ni mara moja kwa siku, kwa hiyo ipulize baada ya futari au wakati wa daku, na uoshe pua usiku. Kama kupuliza mchana kunafunguza au la, muulize sheikh wako, lakini kwa ratiba hii hutahitaji kuuliza. Atorvastatini inanywewa wakati wowote, pamoja na chakula au bila chakula, kwa hiyo uliyozoea kuinywa usiku ibaki usiku. Amlodipini nayo ni kidonge kimoja kwa siku, kinywe baada ya futari, saa ile ile kila siku.